Nataka kufanya utafiti wa polima, lakini kila mlango naambiwa si wangu

Shikamoo Mwalimu,

Mie ni binti wa miaka 21, nasoma kemia mwaka wa pili hapa Dar es Salaam, lakini kwetu ni Paje, Unguja. Semista iliyopita tulifika kwenye polima. Ilikuwa mada ya mwisho ya kozi, mhadhiri akiipita mbio kwa sababu muda umekwisha, na wenzangu wengi walinakili tu maelezo wakasubiri pepa. Mie ikaninasa. Kusikia kwamba wanga wa muhogo, nailoni, mpira wa tairi na ule ute wa mwani vyote ni ukoo mmoja, molekuli ndefu zilizojengwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, kulinifanya nijiulize nilikuwa natazama nini miaka yote hii. Mama yangu analima mwani tangu sijazaliwa. Daftari zangu zote zilinunuliwa kwa pesa ya mwani.

Basi nikaamua nataka kufanya utafiti wa polima, na sitaki kungoja mpaka shahada ya pili. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya.

Kwanza nilimfuata mhadhiri mmoja ofisini kwake. Nikamwambia naupenda sana utafiti na naomba nafasi kwenye maabara yake. Akaniuliza, "Utafiti wa nini?" Nikasema wa polima. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba maabara ile ni ya wanafunzi wa uzamili, kemikali zenyewe haziwatoshi, nimalize kwanza kozi zangu. Nilitoka nimenywea.

Pili, mtoto wa ami yangu yuko Minneapolis, Marekani, anasoma chuo cha jamii. Alinitumia matangazo ya programu za kiangazi: unakaa wiki kumi hivi kwenye maabara ya chuo kikuu, unafanya utafiti wa polima, na unalipwa. Nilikesha najaza fomu. Nilipofika sehemu ya uraia ndipo nikaona haikunikusudia mie.

Tatu, kwenye kundi la WhatsApp kuna mtu anajiita wakala. Anasema atanipatia "nafasi ya utafiti" Ulaya kwa shilingi laki tatu na nusu za kushughulikia barua. Ameshanitumia picha za watu aliowapeleka. Hizo ni karibu pesa zote zilizobaki kwenye bumu langu. Nilikuwa tayari kumtumia nusu, mwenzangu wa chumbani akanishika mkono.

Nne, mwalimu wa kemia wa skuli niliyosoma ameniomba nikienda nyumbani likizo niwaonyeshe wasichana wa kidato cha pili majaribio, wapate kuipenda sayansi. Nataka, lakini huyo huyo mwenzangu ananiambia nitapoteza muda, mambo ya kuzunguka maskulini hayahesabiki kwenye CV ya mwanasayansi, bora nitafute fildi benki ambako naweza kubakizwa.

Mwisho ni Mama. Nilimpigia simu kumweleza kuhusu hiyo polima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa hiyo polima itatuambia kwa nini mnunuzi anasema mwani wa Bi fulani mzuri na wangu mbaya, na sote tumelima bahari moja?" Sikuwa na jibu, nikacheka tu.

Nishike lipi, Mwalimu? Au kweli nisubiri nimalize?

Binti wa Paje

*

Marahaba, mwanangu.

Wakala tummalize kwanza. Usimtumie hata shilingi. Programu za kweli za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza hukulipa posho wewe. Anayetaka laki tatu na nusu za barua anauza barua, na barua hiyo haitakufikisha hata Bandari ya Malindi. Toka kwenye kundi hilo. Mwenzako wa chumbani mshukuru, ingawa kuhusu benki na skuli nitamkosoa huko mbele.

Hizo za Marekani zinaitwa REU, na mlipaji ni NSF, mfuko wa serikali yao wa kugharamia sayansi. Sharti lake ni uraia au ukaazi wa kudumu, na halina uhusiano wowote na akili yako. Lakini huyo mtoto wa ami yako, kama ana kadi ya kijani, kwa nini anakutumia matangazo badala ya kuomba yeye? Programu hizi huwatafuta hasa wanafunzi wa vyuo vya jamii, ambako maabara za utafiti hazipo. Tena amekaa mlangoni: Chuo Kikuu cha Minnesota kina kituo cha polima endelevu, wanaotengeneza plastiki kutokana na mimea badala ya mafuta ya ardhini. Kuna Akron, Ohio, mji uliokua kwa viwanda vya tairi mpaka chuo chake kikawa na skuli nzima ya polima. Kuna Southern Mississippi, kuna Massachusetts kule Amherst. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa mwaka, theluji ingali chini, kwa hiyo asingoje jua.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania milango ipo, ila michache. Vyuo vikuu vya utafiti vya KAUST, Saudi Arabia, na OIST, Okinawa, Japani, hupokea wanafunzi wa nchi yoyote kwa miezi kadhaa, na huwasaidia kwa nauli, malazi na posho. Masharti yao yasome mwenyewe kwenye tovuti zao, usisimuliwe na mtu. Lakini ziombe mwakani, si leo. Fomu zao zitakuuliza umewahi kufanya nini maabara na nani atakuandikia barua ya kukupendekeza, na kwa sasa maswali yote mawili yatakukuta mikono mitupu.

Hapo turudi ofisini kwa mhadhiri wako. Mimi simlaumu sana. Alikuuliza swali zuri, utafiti wa nini, nawe ukamtajia jina la somo. Polima ni nusu ya kemia ya viwandani. Ukisema unataka utafiti wa polima hujamwambia kama unataka kupika rangi ya nyumba, kuchana tairi kuukuu, au kupima uzi wa mkonge. Mtu mwenye kemikali za kuhesabu na wanafunzi wa uzamili wanaomgongea mlango hawezi kukutafutia swali. Angekuona kwa jicho jingine kama ungeingia nalo mkononi.

Na swali unalo. Mama yako alikupa kwa simu, ukacheka.

Mwani mnaoulima, tangu kilimo cha biashara kianze hapo kwenu Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, ni wa aina mbili, kotonii na spinosumu. Mnunuzi wa kiwandani hautaki kwa ajili ya majani yake. Anataka karagenani iliyomo ndani: mnyororo mrefu wa sukari iitwayo galaktosi, uliobandikwa salfati hapa na pale. Kotonii hutoa karagenani aina ya kapa, ambayo ikipata potasiamu huganda ngumu ya kukatika. Spinosumu hutoa aina ya aiota, ambayo ikipata kalsiamu huganda laini, ya kunepa. Kinachozitenganisha ni jambo dogo la ajabu: katika kila jozi ya sukari, kapa ina salfati moja na aiota ina mbili. Salfati moja zaidi, na umepata kitu kingine kabisa. Kapa hushikana vizuri na protini ya maziwa, ndiyo maana utaikuta kwenye aiskrimu na maziwa ya chokoleti; aiota hupelekwa kwenye vitu kama dawa ya meno. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa maji ya pwani yakichemka. Hilo Mama yako anaweza kukufundisha wewe na mhadhiri wako kwa pamoja.

Kisha kuna urefu wa mnyororo, na hapa ndipo utamu wa kemia ya polima ulipo. Fikiria sufuria ya tambi. Zikiwa ndefu zinashikana, ukivuta moja unaburuta sufuria nzima, ukizikatakata, zinamwagika. Karagenani yenye minyororo mirefu huufanya mmumunyo kuwa mzito, iliyokatika huwa kama maji. Joto kali na asidi huikata. Viwango vya kimataifa vya karagenani ya chakula vinalitazama jambo hili kwa ukali: mmumunyo wa asilimia 1.5, ukiwa na joto la nyuzi 75 za Selsiasi, usiwe na mnato, yaani ule uzito wake wa kutiririka, chini ya 5 mPa·s. Chini ya hapo wanasema imeharibika mno, haifai kuliwa.

Sasa mtazame Mama na huyo Bi fulani. Bahari moja, kweli. Lakini mmoja anaanika mchangani na mwingine kwenye chanja. Mmoja alinyeshewa kabla mwani haujakauka, mwingine aliwahi kuufunika. Pengine mmoja huvuna mapema kwa sababu anahitaji pesa, mwingine husubiri bamvua la pili. Je, karagenani inayotoka kwa hawa wawili ni kiasi kilekile, na ina mnato uleule?

Hilo ni swali la utafiti. Lina sampuli mbili, lina kipimo, na lina mtu anayesubiri jibu. Nakuonya mapema: inawezekana kabisa mnunuzi halalamikii mnyororo, analalamikia maji na mchanga. Kwa hiyo anza na mizani. Kausha sampuli kwenye oveni kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena, ndipo ujue kilo ya Mama ina mwani kiasi gani na maji kiasi gani. Osha, kausha, pima tena, ujue mchanga na chumvi. Usipofanya hivyo, kila namba utakayoipata baadaye ni ya uongo, kwa sababu utakuwa unalinganisha mwani mkavu na mwani mbichi kidogo ukidhani unalinganisha minyororo.

Baada ya hapo ni kuchemsha kwa maji, kuchuja kwa kitambaa kungali moto, kisha kumimina kwenye alkoholi ambamo karagenani hujitokeza kama nyuzi nyeupe unazoweza kuziokota kwa kijiti. Alkoholi hiyo ni ya maabara, mbali na moto, na mtu mzima wa maabara awe karibu. Nisije nikasikia umeijaribu hosteli.

Kupima mnyororo hakuhitaji mashine ya mamilioni. Maabara nyingi za kemia zina viskometa ya kioo, ile mirija miwili iliyounganika yenye tundu jembamba, mara nyingi imekaa kabatini na vumbi lake. Unahesabu kwa stopuochi mmumunyo unachukua sekunde ngapi kushuka kutoka alama hii hadi ile, ukilinganisha na maji ya chumvi peke yake. Ukirudia kwa mimumunyo hafifu zaidi na zaidi, unapata namba inayokwenda sambamba na urefu wa mnyororo. Usikidharau kifaa hiki kwa sababu ni cha bei nafuu. Hermann Staudinger, Mjerumani aliyedai mwaka 1920 kwamba mpira na selulosi ni molekuli moja ndefu na si vijimolekuli vilivyokumbatiana, alibishiwa na wakubwa wa kemia wa zama zake kwa miaka, na mnato wa mimumunyo ulikuwa mojawapo ya silaha zake kuu. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1953, akiwa mzee.

Jambo moja la kitaalamu ambalo ukilisema ofisini mhadhiri atainua kichwa. Karagenani ina chaji hasi kwa sababu ya zile salfati. Kwenye maji matupu chaji hizo husukumana, mnyororo ukajinyoosha kupita kiasi, na kadiri unavyozimua ndivyo namba zinavyozidi kukudanganya. Kwa hiyo unayeyusha kwenye maji yenye chumvi ya kawaida, molari 0.1 kwa mfano, na unapima kwenye maji ya moto, nyuzi 60 hivi, ili isigande ndani ya mrija. Ukitaka kuhakikisha kwamba kapa ni kapa na aiota ni aiota, omba siku moja kwenye mashine ya infraredi. Salfati huonekana karibu na 1240 cm⁻¹, na aiota ina alama yake karibu na 805 cm⁻¹ ambayo kapa safi haina.

Kila kipimo mara tatu, na daftari lenye tarehe. Si karatasi za kuokoteza.

Sasa rudi ofisini, au tuma ujumbe kwanza, kwa lugha mnayotumia chuoni. Usiandike kwamba unaupenda utafiti. Kila mtu anaupenda mpaka aoshe bikari kwa mwezi mzima. Andika kitu cha namna hii:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, niliwahi kuja kuomba nafasi. Mama yangu analima mwani Paje. Nataka kulinganisha kiasi na mnato wa karagenani kutoka kotonii iliyoanikwa mchangani na ile ya kwenye chanja, ya mavuno ya siku moja. Sampuli ninazo. Ninachohitaji ni oveni, viskometa, alkoholi lita chache, na mtu wa kunielekeza. Niko huru Ijumaa mchana na likizo. Naomba dakika kumi za kukuonyesha mpango wangu."

Ona kilivyo kifupi. Kinasema unachotaka kupima, ulichonacho tayari, na utakachomgharimu. Hata akikataa, atakataa kitu kinachoeleweka, na anaweza kukuelekeza kwa mwingine. Akisema tena maabara ni ya uzamili, muulize ni mwanafunzi gani wa uzamili anahitaji mikono. Hakuna mwanafunzi wa uzamili duniani asiyehitaji mikono. Utaosha vyombo, utapima chumvi, utajaza maji ya kuogeshea viskometa, na jioni kifaa kikiwa wazi utapitisha sampuli zako mbili. Watu wengi waliokuja kuwa wakemia waliingia kwa mlango huo wa nyuma. Mfahamu na fundi sanifu wa maabara, umsalimie kwa jina lake. Yeye ndiye anayejua oveni ipi inadanganya na alkoholi imefichwa wapi. Na mwaka wa tatu utakapotakiwa kuchagua mada ya projekti, wenzako watakuwa wanakimbizana na orodha ubaoni, wewe utakuwa na nusu ya kazi daftarini.

Kuhusu fildi. Mwenzako anawaza ajira, na siwezi kumcheka, maisha ni magumu. Lakini mwanafunzi wa kemia anayehesabu noti kaunta wiki zote hizo anarudi chuoni na kitu gani? Peleka barua TIRDO pale Msasani, ambao kazi yao ni utafiti wa viwanda. Peleka TBS, wanaopima ubora wa bidhaa. Kwako wewe nafasi ningeitupia jicho zaidi ni Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko huko huko Unguja, ambako mwani ni kazi ya miaka mingi na utakula nyumbani. Ukikosa zote, viwanda vya plastiki vya Dar hupokea wanafunzi. Utajifunza namna mabomba ya PVC yanavyosukumwa kutoka kwenye mashine, na kwa nini ile mifuko iliyoshika nafasi ya marambo baada ya katazo la Juni 1, 2019, ambayo watu wanaiita ya kitambaa, ni polipropilini, plastiki mtupu. Hilo ukilijua utakuwa umewazidi waheshimiwa kadhaa.

Nikiwa hapo hapo kwenye plastiki, nikuombe kitu. Utakutana na watu watakaokushawishi uachane na viskometa utengeneze "plastiki ya mwani" ya kuokoa bahari, upigwe picha. Utando wa karagenani na gliserini unatengenezwa kwa mchana mmoja, na ni mzuri kuutazama. Uweke kwenye mvua ya masika halafu niambie. Unanywa maji, unalegea, unayeyuka. Wapo wanaolifanyia kazi tatizo hilo kwa uzito, na siku moja unaweza kuwa mmoja wao, ila usianze kwa kuahidi mfuko ambao hauwezi kubeba hata samaki wabichi.

Skuli, nenda, na usiende kwa huruma. Mwenzako amekosea kuhusu CV. Programu kadhaa za utafiti, baadhi ya hizo REU zikiwemo, zina sehemu ya kuwapeleka wanafunzi wao mashuleni na kwenye jamii, kwa sababu asiyeweza kumweleza mtoto wa kidato cha pili anachofanya mara nyingi yeye mwenyewe hajakielewa. Wewe una bahati nyingine: wasichana hao mama zao ni wakulima wa mwani. Huna haja ya kuwaletea sayansi kutoka Dar ndani ya boksi.

Nenda na vitu vichache. Pampasi moja, uichane, utoe ule unga uliomo. Ni polima iitwayo sodiamu poliakrilati. Weka kijiko kwenye glasi ya maji, wataona maji yanageuka donge, glasi inapinduliwa na hakuna kinachomwagika. Kisha nyunyizia chumvi, donge lilegee na maji yarudi. Usiwaambie sababu. Waache wabishane kwanza, kisha waulize pampasi ingefanyaje kazi kwa mtoto anayeoga baharini. Unga huo usipeperushwe puani, na usimwagwe kwenye sinki. Jambo la pili, wapange watoto wenyewe: kila mmoja ni monoma, yaani kipande kimoja cha mnyororo, mikono chini. Washikane mikono wawili wawili, kisha kumi, kisha darasa zima, halafu waambie mstari mzima ukimbie kupita mlangoni. Wataelewa mnato kwa kucheka. La tatu, chemsha spinosumu na kotonii kwenye sufuria mbili, chuja, acha zipoe, kila msichana aguse zote mbili na aseme ipi ni ipi. Waulize mwani wa mama zao huishia wapi ukishapakiwa kwenye magunia. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba unarudi Zanzibar ndani ya tyubu ya dawa ya meno.

Lile jaribio la kuvuta uzi wa nailoni kutoka kwenye vimiminika viwili, ambalo najua limeshakuingia kichwani maana kila mwanafunzi wa polima hulipenda, liache chuoni. Kloridi ya asidi inayotumika huunguza macho na mapafu, na darasa la skuli halina chemba ya kutolea hewa chafu. Na majibu ya wasichana usiyachanganye na data yako, hata kama ni mazuri kuliko yako. Wakitaka kuendelea, mwalimu wao awasaidie kuandaa mradi wao wenyewe wa shindano la Young Scientists Tanzania, na wewe uwe wa kuulizwa tu kwa simu.

Kusubiri mpaka umalize, hapana. Lakini usidondoshe pepa kwa ajili ya mwani. Mitihani kwanza, ujumbe kwa mhadhiri siku unayoweka kalamu chini, na kabla ya hapo mpigie Mama. Bamvua lijalo wakivuna, mwombe gunia moja la kotonii la shamba moja, siku moja, aligawe katikati: nusu aanike mchangani, nusu kwenye chanja, kila fungu litoke kilo moja kavu. Akikosa kotonii, spinosumu itafaa, mradi zote mbili ziwe aina moja. Mafungu yafungwe mbali mbali kwenye mifuko safi isiyopitisha hewa, na ndani ya kila mmoja kiwekwe kikaratasi chenye tarehe, mahali na namna ulivyoanikwa. Kiandikwe kwa penseli, maana wino ukipata unyevu wa mwani utafutika kabla boti haijatia nanga Dar.